Nauli Nafuu na Tozo Zake: Safari ya Ukanda wa Dhahabu, Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam

Shirika la ndege la gharama nafuu ni lile ambalo huuza kiti peke yake kwa bei ya chini, kisha hutoza kando kila huduma ambayo mashirika ya kawaida huiingiza ndani ya nauli, kama vile begi linalopakiwa tumboni mwa ndege, uchaguzi wa kiti, mabadiliko ya tarehe, marekebisho ya jina na hata uchapaji wa pasi ya kupandia ndege. Kwa mtindo huo bei anayoiona abiria mwanzoni siyo atakayoilipa mwishoni, na tofauti kati ya hizo mbili hutegemea zaidi maamuzi anayoyafanya, au anayoshindwa kuyafanya, kabla hajafika uwanjani. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako wengi huishi mbali na viwanja vinavyopokea ndege kubwa za abiria, tofauti hiyo huanza kukua barabarani, dukani kwa wakala na kwenye simu ya mkononi, wala haisubiri kaunta ya shirika. Masimulizi haya yanaifuata safari ambayo mwandishi aliifanya wakati wa kiangazi, baada ya kufunguliwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, kutoka Shinyanga mjini kupitia Kahama, Kakola na Geita hadi Mwanza, na kutoka huko kwa ndege hadi Dar es Salaam, kwa nia ya kuchunguza ni wapi hasa fedha ya msafiri huponyoka na ni kwa njia gani inaweza kuzuiwa.

Biashara hii ilifika Kanda ya Ziwa kwa kishindo tarehe 29 Novemba 2012, shirika la fastjet lilipoanza kurusha ndege aina ya Airbus A319 kati ya Dar es Salaam na Mwanza, na kati ya Dar es Salaam na Kilimanjaro, kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada za serikali. Ulaya na Marekani mtindo huo ulikuwa umekwisha kuzoeleka: Ryanair ilianza kutoza mabegi mwaka 2006, na mwaka 2008 American Airlines, ambayo si shirika la gharama nafuu, ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, hatua iliyoonyesha kwamba mashirika makubwa nayo yameipenda fedha ya kando. Safari za fastjet nchini Tanzania zilisimama Desemba 2018, mwezi ambao Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, ililipa shirika hilo notisi kwa sababu ya madeni na upungufu wa ndege. Hata hivyo mazoea liliyoyaacha hayakuondoka nalo, kwa kuwa siku hizi hata mashirika yenye huduma kamili huuza kiti kilekile kwa madaraja kadhaa ya nauli, na daraja la chini kabisa huwa na masharti yanayofanana sana na yale ya gharama nafuu.

Shinyanga mjini, ambako safari ilianzia, kuna uwanja wa ndege huko Ibadakuli, ambao uliwekwa pamoja na viwanja vya Tabora, Kigoma na Sumbawanga katika mpango wa ukarabati uliotegemea mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kwa miaka mingi, hata hivyo, abiria wengi wa Shinyanga wamekuwa wakiifuata ndege Mwanza, mwendo wa kilomita 160 hivi kwa barabara ya lami inayopita Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha Misungwi na Usagara. Maana yake ni kwamba nauli ya ndege kwa mtu wa Shinyanga haijakamilika mpaka ijumlishwe na nauli ya basi, teksi au bodaboda ya kutoka stendi hadi uwanjani, chakula cha njiani na, ikiwa ndege inaruka alfajiri, malazi ya usiku mmoja Mwanza. Tiketi ya alfajiri ambayo ni nafuu kuliko ya mchana inaweza kumgharimu mtu wa Shinyanga zaidi ya ile ya mchana, ilhali mkazi wa Ilemela, anayeishi jirani na uwanja, hufaidi unafuu wake wote. Kwa hiyo hesabu ya kwanza katika ukanda huu ni ya mlangoni hadi mlangoni, na bei iliyoandikwa kwenye kioo cha simu ni kipande kimoja tu cha hesabu hiyo.

Badala ya kuishika barabara hiyo ya moja kwa moja, mwandishi alielekea kusini-magharibi kupitia Tinde na Isaka hadi Kahama, mji ambao umekuzwa na mpunga, reli na dhahabu, na ambao mgodi wake wa Buzwagi ulizalisha kuanzia mwaka 2009 hadi uchimbaji ulipokoma na eneo hilo kuanza kuandaliwa kwa ajili ya viwanda. Wafanyabiashara wengi wa Kahama hununua tiketi kwa mawakala, yaani watu au maduka yanayoweka nafasi kwa niaba ya abiria, na duka moja la namna hiyo, lililokuwa pia likisajili laini za simu na kutoa fotokopi, lilitosha kuonyesha jinsi tozo zinavyozaliwa. Kijana mnunuzi wa mchele alitaja jina lake kwa mdomo, wakala akaliandika kama alivyolisikia, na tiketi ikawa karibu kutoka ikiwa na Mwandu mahali ambapo kitambulisho cha Taifa cha kijana huyo kilisomeka Ng'wandu. Majina ya Kisukuma yenye ng' na nh huandikwa kwa namna nyingi, tena programu nyingi za kuwekea nafasi hazikubali alama ya king'ong'o, kwa hiyo jina huandikwa Ngwandu bila alama hiyo, jambo ambalo kwa kawaida halileti shida; lakini herufi zikipotea au kubadilika, abiria huweza kudaiwa ada ya marekebisho ya jina, ambayo katika tiketi za bei ya chini yaweza kukaribia nusu ya nauli yenyewe. Dawa yake ni kumkabidhi wakala kitambulisho chenyewe ainakili, kisha kuisoma tiketi herufi kwa herufi kabla ya kulipa.

Malipo nayo yana milango yake ya kuvujisha fedha. Wakala wa Kahama, kama wenzake wengi, alitaka atumiwe nauli kwenye namba yake binafsi pamoja na ya kutolea, yaani makato ambayo mpokeaji hukatwa anapoitoa fedha taslimu, na juu ya hayo akaweka malipo yake ya kazi bila kuyatenga na nauli, hata mteja akashindwa kujua ni kipi kimeenda kwa shirika na kipi kimebaki dukani. Malipo ya wakala ni haki yake anapofanya kazi, hasa kwa mteja asiye na simu janja au asiyejiamini kwenye mtandao, lakini haki ya mteja ni kuyajua mapema, na njia rahisi ya kuyajua ni kuomba namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na shirika lenyewe, ambayo humwezesha kulipa moja kwa moja kwa simu na kuona jumla halisi kabla ya kuingiza namba ya siri. Baadhi ya mawakala hutaja bei kwa dola na kuigeuza kuwa shilingi kwa kiwango wanachojipangia. Kwa safari ya ndani ya nchi abiria hana sababu ya kulikubali hilo, kwa kuwa kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza na kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Kutoka Kahama barabara hupanda kuelekea Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, na hapo ndipo abiria wa ukanda wa dhahabu hugawanyika makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Kundi la kwanza ni wafanyakazi wa migodi mikubwa, ambao husafiri kwa zamu zinazojulikana mapema, tena mara nyingi kwa tiketi zilizokatwa na mwajiri, na ambao kwa sababu hiyo hupata nauli za chini bila kusumbuka. Kundi la pili ni wachimbaji wadogo, wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, wenye karasha za kusagia mawe na wenye mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu, ambao hawawezi kujua leo kama mawe yao yatakuwa yamesagwa, yameoshwa na kuuzwa kufikia Alhamisi. Kundi hili huvutwa na nauli ya chini kabisa, ambayo ndiyo isiyorudishwa na isiyobadilishwa bila adhabu, na ndilo linalobadilisha tarehe kuliko mengine yote. Mwenye duara mmoja wa Kakola aliilinganisha tiketi hiyo na chambo, akaeleza kwamba kila akiahirisha safari hulipa ada ya mabadiliko pamoja na tofauti ya nauli ya siku mpya, mpaka jumla huipita tiketi ya daraja la juu ambayo ingemruhusu kubadilisha tarehe. Kwa mtu wa aina hiyo unafuu umo katika tiketi inayobadilika, au katika kusubiri mpaka dhahabu iuzwe ndipo tiketi ikatwe.

Geita mjini shughuli zote huonekana kulizunguka soko la dhahabu, lililozinduliwa Machi 2019 na kuwa la kwanza miongoni mwa masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini baada ya sheria kurekebishwa ili mchimbaji mdogo auze mahali panapotambulika. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa jirani, na mgodi mkubwa wa Geita, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, kwa hiyo wasafiri wa ndege hawakosekani. Msafiri wa Geita ana viwanja viwili vya kuchagua, cha Mwanza na kile cha Geita kilichojengwa wilayani Chato, ambacho jina lake linaweza kumpotosha mgeni akadhani kiko karibu na mji wa Geita, ilhali kufika huko ni safari kamili ya barabara inayopita Katoro na Buseresere. Anayeishi Katoro au Chato kwenyewe huokoa muda na nauli ya gari kwa kupandia Chato; anayeishi Geita mjini hana budi kulinganisha, kwa kuwa Mwanza ina mashirika na safari nyingi zaidi kwa siku, na penye safari nyingi ndipo nauli za chini hupatikana.

Mizigo ya ukanda huu nayo ina jambo lake, ambalo halihusu uzito. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, metali ya majimaji inayokamata chembe za dhahabu, na wapo wanaodhani kwamba kichupa kidogo kinaweza kusafiri ndani ya begi kama dawa ya kikohozi. Zebaki huila aluminiamu, metali ambayo sehemu kubwa ya umbo la ndege hutengenezwa kwayo, na ndiyo sababu imo katika orodha ya vitu hatarishi visivyoruhusiwa, sawa na baruti na fataki za kulipulia miamba. Anayekutwa na vitu hivyo kwenye ukaguzi huvipoteza, huhojiwa na vyombo vya usalama, na mara nyingi huachwa na ndege, na hasara hiyo haina shirika la kuilipa. Dhahabu nayo yapaswa kusafiri na nyaraka zinazoonyesha ilikonunuliwa na kulipiwa mrabaha, yaani malipo ya serikali yanayotozwa kwa thamani ya madini.

Kutoka Geita mwandishi alipita Sengerema hadi Busisi na kuvuka daraja la J.P. Magufuli, ndilo lile la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya daraja hilo magari yalisubiri kivuko, na kivuko kilipochelewa abiria wa ndege aliikosa safari yake, jambo ambalo kwa tiketi ya bei ya chini lilimaanisha kununua nyingine upya kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote. Kwa sababu hiyo watu wa Geita na Sengerema walizoea kulala Mwanza, na gharama ya kulala huko ilikuwa tozo ya kweli ya usafiri wa anga ingawa hakuna shirika lililoiandika. Sasa ghuba hiyo ya ziwa huvukwa kwa dakika chache, na yule ambaye bado anahesabu usiku wa Mwanza katika bajeti yake kwa mazoea tu anaweza kuuondoa, ilmradi aache nafasi ya kutosha kwa msongamano wa magari kati ya Usagara, Mkolani na katikati ya jiji.

Uwanja wa ndege wa Mwanza, ulioko Ilemela kando ya ziwa, ndio mahali ambapo hesabu zote za nyumbani hupimwa, na kipimo chenyewe ni mzani ulioko mbele ya kaunta. Mashirika yenye huduma kamili kwa kawaida huruhusu begi la kilo 20 hadi 23 ndani ya nauli, pamoja na mzigo wa mkononi wa kilo 7 hivi, lakini nauli za daraja la chini huweza kuruhusu mzigo wa mkononi peke yake. Mama mmoja wa Katoro, aliyekuwa akienda Dar es Salaam kumuuguza binti yake aliyejifungua, aliweka mzanini begi, mfuko wa mchele wa Kahama na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo kwa Wasukuma ni chakula cha heshima cha kumpelekea ndugu. "Mama, hapa kilo nane zimezidi," mhudumu alimwambia kwa upole, "utalipia au utapunguza?" Naye akajibu, "Mwanangu, hiyo michembe nimeagizwa na mzazi mwenyewe, nitaiachaje?" Kila kilo iliyozidi ilikuwa na bei yake, na jumla ya kilo nane ilizidi kwa mbali thamani ya mchele wote uliokuwa mfukoni. Mwishowe mpwa wake aliyemsindikiza aliuchukua mchele ili akautume kama kifurushi kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi, na mama akaondoka na michembe yake.

Tukio hilo lina kanuni tatu ndani yake. Ya kwanza ni kwamba mzigo hupimwa nyumbani, kwa mzani wa duka au wa mashine ya kukoboa mpunga ambao haukosekani katika mitaa ya Kahama na Katoro, kabla haujapimwa uwanjani. Ya pili ni kwamba anayejua atazidisha kilo hulipia begi wakati wa kukata tiketi, kwa sababu karibu mashirika yote ya gharama nafuu huuza kilo kwa bei ya chini mapema na kwa bei ya juu kaunta, ambako abiria hana tena pa kukimbilia. Ya tatu ni kwamba mchele, dagaa na unga ni mali ya basi, kwa kuwa vitu vizito vya thamani ndogo haviwezi kubeba bei ya ndege hata siku moja.

Tozo nyingine ni ndogo zaidi na huepukika kwa kusoma kila ukurasa wa kuweka nafasi kwa utulivu. Kuchagua kiti hulipiwa, lakini asiyechagua hupewa kiti bure wakati wa kujisajili kwa safari, na kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam wachache wana sababu ya kununua dirisha. Bima ya safari, kipaumbele cha kupanda na ujumbe mfupi wa taarifa huwekwa kama visanduku vya kutiwa alama, na mara nyingine alama huwa imekwisha kutiwa, ikimngoja abiria aiondoe. Kujisajili mtandaoni na kuihifadhi pasi ya kupandia kwenye simu ni bure mahali pengi, ilhali yapo mashirika ya nje ambayo humtoza anayefika kaunta bila pasi. Kitu kisichoepukika ni kodi na ada za serikali, mathalani ada ya huduma ya abiria na ada ya usalama, ambazo zimo ndani ya tiketi na ambazo asiyesafiri anapaswa kuuliza kama zinarudishwa, hata kama nauli yenyewe hairudishwi.

Dar es Salaam ndiko safari za wengi huunganishwa kwenda nje, na hapo mtego hubadilika sura. Mfanyabiashara wa Geita anayekwenda Dubai huweza kununua tiketi ya Mwanza–Dar es Salaam kwa shirika moja na ya Dubai kwa shirika jingine kama flydubai, na akadhani ameokoa fedha. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni mikataba miwili: begi huchukuliwa na kusajiliwa upya, kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa huweza kutofautiana, na ndege ya kwanza ikichelewa shirika la pili halina wajibu wa kumngoja abiria. Tena katika Uwanja wa Julius Nyerere safari za ndani hutumia Jengo la Pili huku nyingi za kimataifa zikitumia Jengo la Tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, kwa hiyo kuhama kutoka moja hadi jingine kunahitaji muda na gari. Anayenunua kwa mtindo huu hana budi kufuata kiasi cha mzigo cha shirika lenye masharti magumu zaidi na kuacha saa nyingi katikati, la sivyo tiketi moja ya kuunganisha, ingawa huonekana ghali, ndiyo nafuu.

Umoja wa Ulaya uliamuru kwa kanuni ya mwaka 2008 kwamba bei ya mwisho, pamoja na kodi na ada zote zisizoepukika, ionyeshwe wakati wote, na kwamba nyongeza za hiari zichaguliwe na abiria mwenyewe badala ya kutiwa alama kwa niaba yake. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, ina TCAA, na ina baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga linalopokea malalamiko ya abiria, kwa hiyo vyombo vya kumlinda msafiri vipo na vinahitaji kutumiwa. Mashirika na mawakala wanapaswa kuandika jumla katika mstari mmoja unaosomeka, kwa shilingi, kabla ya kudai malipo, na wasimamizi wanapaswa kuliangalia hilo hata katika maduka madogo ya Kahama na Katoro. Naye msafiri wa Shinyanga au Geita asikate tiketi kabla ya kuandika katika karatasi moja nauli, begi, makato ya simu, malipo ya wakala, gari la kwenda uwanjani na malazi, kisha alinganishe jumla hizo. Na shirika au wakala anayekataa kumtajia jumla hiyo mapema, amwache.